Tangi Likijaa, Maji Yanakwenda kwa Nani?

Hotuba kwa mkutano wa mtaa, Kimara, Dar es Salaam, wiki chache kabla ya masika. Wengine hamkuweza kufika mkaniomba niiandike. Nimeiandika yote kama nilivyoisema.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe wa mashina, wazee wangu, kina mama wa kikoba chetu, vijana, majirani wote: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na nyote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya bustani zetu. Nashukuru kwa heshima hiyo. Najua wengi mlitegemea nianze na tangi: la ukubwa gani, liwekwe wapi, gata za aina gani. Tutafika huko. Ila mniruhusu nianze na ukuta.

Mnaukumbuka ukuta wa jirani yangu wa chini, ule wa tofali ulioanguka usiku wa masika? Wengi mlikuja asubuhi ile kutusaidia kuzoa matofali. Mlisema ni mvua. Mjumbe wetu alisema ni mvua. Hata fundi aliyekuja kuujenga upya alisema, mama, mvua kama hii haijapata kunyesha. Leo nimesimama mbele yenu kusema haikuwa mvua. Lilikuwa tangi langu.

Nilikuwa nimenunua tangi la lita 5,000. Mlioishi huku kilimani kwa muda mrefu mnajua maana yake. Miaka mingi nilinunua maji ya boza, nikabeba madumu, nikapanga ndoo chini ya paa kila wingu lilipotanda. Siku tangi lilipopandishwa kwenye kitako chake nilitoa machozi. Fundi akafunga gata paa zima, akashusha bomba la inchi nne kuingiza maji, na juu karibu na mfuniko akatoboa tundu, akaweka kibomba cha inchi moja cha kutolea maji yanayozidi. Nikamuuliza, na hiki kinakwenda wapi? Akanijibu, "Hiki kinamwaga huko nyuma tu, mama."

Huko nyuma tu. Nikaridhika. Na huko nyuma kulikuwa na mpaka. Chini ya mpaka kulikuwa na ukuta. Nyuma ya ukuta kulikuwa na banda la kuku, na jiko la mama anayelea wajukuu watatu.

Usiku ule mvua ilianza saa tatu. Nililala nikisikiliza maji yakiingia kwenye tangi, nikamshukuru Mungu. Ilipokaribia saa sita tangi likajaa, nami nilikuwa usingizini. Kuanzia hapo hadi alfajiri kila tone lililoanguka juu ya paa langu lilikwenda mahali pamoja. Zamani, kabla ya tangi, maji ya paa langu yalidondoka kuizunguka nyumba nzima, kidogo huku, kidogo kule, udongo ukayanywa. Mimi niliyakusanya yote, nikayapa njia moja, na njia hiyo nikaielekeza kwenye msingi wa ukuta wa mtu.

Saa kumi na moja nikasikia kishindo. Wale watoto walikuwa wamelala chumba cha mbele, Mungu ni mwema. Kuku kumi na mmoja walikufa. Jirani yangu hakunigombeza. Alisimama kwenye matope, khanga imelowa, akaniambia, "Dada, kuvuna maji ni vizuri. Lakini yaliyokushinda umeniletea mimi."

Yaliyokushinda umeniletea mimi. Ukuta niliujenga kwa fedha zangu na kuku nikawalipa, lakini maneno hayo hayana malipo, na ndiyo yaliyonisimamisha hapa. Kwa hiyo nawauliza ninyi nilichopaswa kujiuliza mwenyewe siku ile fundi alipokuwa juu ya ngazi: tangi likijaa, maji yanakwenda kwa nani?

Tufanye hesabu, na kila mmoja aifanye kwa paa lake. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba, unapata lita moja ya maji. Paa langu, ukilipima kwa chini, kwa kivuli chake, lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10. Hizo ni mita za mraba 120. Toa yanayoruka nje ya gata, toa yanayovuja kwenye maungio, toa yanayokaukia kwenye bati la moto. Tuseme nabaki na lita 100 kwa kila milimita ya mvua. Basi tangi langu la lita 5,000 linajaa kwa mvua ya milimita 50.

Milimita 50 ni nyingi? Kwa masika ya Dar es Salaam ni mvua ya usiku mmoja! Mji huu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na Aprili peke yake mara nyingi huvuka 200. Maana yake paa langu, kwa mwezi huo mmoja, linanipa lita 20,000. Hayo ni madumu 1,000 ya lita ishirini. Tangi linabeba robo yake. Na tukumbuke, Aprili ndio mwezi ambao bustani haihitaji kumwagiliwa hata kikombe kimoja. Hakuna unakoyatumia. Wewe mwenye tangi dogo la lita 1,000 na paa kama langu, lako linajaa kwa milimita kumi. Mvua kubwa ikipiga, ile ambayo mkisimama barazani hamsikilizani, inaweza kushusha milimita moja kwa dakika. Dakika kumi tu, tangi limejaa. Na mvua bado inanyesha.

Sisemi haya ili muache kuvuna. Mwishoni mwa mwaka 2022 vuli ilichelewa, Ruvu ikashuka, mji mzima ukaingia kwenye mgao wa maji. Nani hapa hakuamka usiku wa manane kukinga bomba? Mwaka mmoja baadaye, vuli ya 2023, zikaja mvua za El Nino, na masika ya 2024 yakaongezea, barabara zikakatika na watu wakahama nyumba. Ni sisi wale wale. Tulilia kwa kukosa maji, mwaka haujageuka vizuri tukalia kwa kuzidiwa na maji. Vuneni. Nawasihi vuneni. Lakini mtu anayenunua tangi amenunua vitu viwili: maji yatakayobaki, na maji yatakayozidi. Ya kwanza dukani watakueleza. Ya pili hakuna anayekueleza.

Wanangu vijana, niwapeleke kidogo Kondoa.

Mwaka 1987 nilikuwa bibi shamba mgeni kazini, nikapangiwa Kondoa, mkoa wa Dodoma. Wenye umri wangu mtakumbuka mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanzishwa mwaka 1973. Ardhi ya kule ilikuwa imekatika makorongo mekundu, mengine marefu kuliko nyumba, hadi mwaka 1979 serikali ikaamua kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika ili majani yapate kuota tena. Nilipofika kazi ilikuwa bado inaendelea: makinga maji, kupanda miti, kuziba makorongo.

Mzee mmoja wa Kirangi alinipeleka shambani kwake kunionyesha vijiti. Kila mwaka kabla ya mvua alikuwa akichomeka kijiti hatua kumi juu ya mdomo wa korongo, halafu akisubiri. Cha mwaka ule kilikuwa kimebakiwa na hatua tatu. Cha mwaka wa nyuma hakikuwepo, kilikwisha kuliwa. Akaniambia, "Watu wanadhani korongo linashuka. Korongo linapanda, mwanangu. Linamfuata anayelilisha."

Miaka imepita na bado ninamsikia. Maji yanashuka, korongo linapanda! Tazameni lilivyo: maji yanaporuka ukingo yanaangukia chini na kuchimba tumbo la ukingo. Ukingo unabaki unaning'inia bila kitu chini yake. Siku moja unamomonyoka, na mdomo wa korongo unasogea hatua moja juu. Mvua inayofuata, hatua nyingine. Kwa hiyo sisi tunaoishi juu, tunaomwaga maji tukasema hilo ni tatizo la watu wa bondeni, tujue kwamba korongo letu liko njiani linakuja. Korongo la hapa kwetu, lile la nyuma ya uwanja, wazee mnakumbuka lilipoishia zamani? Palikuwa na mwembe. Mwembe uko wapi leo?

Na chini nako maji hayaishii pale tunapoacha kuyaona. Maji ya mabonde mengi ya huku kwetu huishia Mto Msimbazi, na Msimbazi hupita Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika mji huu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Sidai kwamba paa langu ndilo lililofanya hayo. Nasema kila paa la kilimani lina lita zake ndani ya mto ule, na paa langu lina zangu.

Sasa tufanyeje?

Anza na bomba lenyewe. Langu lilikuwa inchi moja, na linaloingiza lilikuwa inchi nne. Mtu anadhani hiyo ni tofauti ya mara nne. Sivyo, ndugu zangu. Tundu la bomba la inchi nne ni kubwa mara kumi na sita kuliko la inchi moja. Hata ukiweka la inchi mbili, umepata robo tu ya njia. Usiku ule kibomba changu kilitoa kilichoweza, na mengi zaidi yakafurika kwenye mfuniko, yakateremka ubavuni mwa tangi na kuchimba kitako. Nilipokagua asubuhi, pembe moja ya kitako ilikuwa hewani. Lita 5,000 ni tani tano. Tani tano zilikuwa zimesimama juu ya pembe tatu, upande wa juu wa jiko la mtu. Nikiwaza hilo mpaka leo mikono yangu inapoa. Basi, bomba la kutoa liwe na upana ule ule wa bomba la kuingiza. Lishuke hadi chini, lisiachwe kutema maji kutoka juu. Na chini lisikute udongo mtupu. Likute mawe makubwa yaliyopangwa vizuri, ili nguvu ya maji ivunjike pale pale.

Halafu yafike wapi? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Tumezoea kufikiri kwamba tangi ni lile la plastiki. Bustani yangu, nikiimwagilia kwa uangalifu, inakunywa ndoo kumi kwa siku, lita 200. Tangi lililojaa linanifikisha siku 25. Kiangazi chetu, kuanzia Juni mpaka vuli, ni miezi minne au zaidi. Hamuoni? Hata ningenunua tangi la pili na la tatu nisingefika. Lakini chini ya miguu yangu lipo tangi ambalo sikulinunua, nalo ni udongo. Udongo wenye mboji na matandazo unashika maji wiki na wiki, haukuombi koki wala mfuniko. Yale maji niliyokuwa nikiyatupa kwa jirani ndiyo bustani yangu iliyokuwa ikiyalilia mwezi wa nane.

Nilichimba shimo la migomba. Upana wake mita mbili, urefu mita tatu, kina nusu mita, na urefu wake umelala kukatisha mteremko. Shimo hilo likiwa tupu linapokea lita 3,000. Udongo niliouchimba niliutupa upande wa chini, ukawa tuta. Juu ya tuta nikapanda migomba mitatu na mpapai mmoja, pembeni magimbi, na ukingoni mchaichai, kwa sababu mizizi yake inashika udongo kama vidole. Ndani ya shimo nikajaza majani makavu, mabua, maganda ya nyumbani. Maji yanaingia, yanatulia, yanazama taratibu kwenye mizizi.

Lakini kuchimba kuna masharti yake, na huku kilimani masharti hayo yanaweza kuokoa nyumba. Shimo likae mbali na msingi, mita tatu au zaidi, na upande wa chini wa nyumba, si wa juu. Likae mbali kabisa na shimo la choo. Na kabla ya kuchimba, pima udongo wako: chimba kashimo ka futi moja, kajaze maji, yakizama kajaze tena, halafu uache. Ukiyakuta kesho yake yamesimama, hapo udongo haunywi. Tafuta sehemu nyingine. Na wewe ambaye nyumba yako iko ukingoni mwa korongo, usichimbe shimo la kunyonya maji hata dogo. Nakusihi. Ukingo ukilowa ndani unakuwa mzito na unalegea, unaweza kwenda wote kwa mara moja. Ya kwako yapelekwe kwenye mtaro uliojengewa mpaka chini kabisa ya korongo. Kama mtaro haupo, ndiyo sababu moja kubwa ya sisi kukutana leo.

Shimo nalo litajaa. Lazima uulize tena: likijaa, maji yanakwenda kwa nani? Swali halikomi kwenye tangi. Mimi nilishusha sehemu moja ya tuta, kiganja kimoja chini ya kwingine, nikaitandika mawe, ndio mlango wa kutokea. Kutoka pale maji yanafuata mfereji mpana usio na kina, wenye nyasi, unaokwenda karibu usawa, hadi shimo la pili dogo. Kupima usawa hakutaki mashine. Fundi yeyote wa hapa ana ule mpira wa pima maji, na jioni moja inatosha. Watu wa Machakos kule Kenya wana jina lao wenyewe, wanaita fanya juu: unachimba mfereji kwenye usawa wa mlima na udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ngazi. Jina la Kiswahili safi, na sasa wataalamu wa nchi za mbali wanalitumia kama lilivyo. Kwenye kiwanja kidogo cha mjini huhitaji ngazi kumi. Moja au mbili zinabadilisha kila kitu.

Na tangi lenyewe mlipe nafasi. Nimeona watu masika yanakaribia, tangi limejaa, na hawataki kuligusa, wanasema ni akiba. Akiba ya nini wakati mvua iko mlangoni? Fueni mapazia, osheni mazulia, jazeni mapipa, teremsheni tangi hadi nusu. Mvua kubwa ya kwanza ikute nafasi ya lita 2,500, hizo lita hazitamfikia mtu usiku.

Kuna mawili ya haraka. La kwanza ni mbu. Mbu wa dengi anauma mchana na anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo, na tangi lisilofunikwa ni chombo. Mnakumbuka dengi ya mwaka 2014 na ya 2019 katika mji huu. Wengine hapa mliumwa. Mfuniko ukae, na mdomo wa bomba la kutolea maji uvikwe wavu wa chandarua uliokazwa kwa waya, maana wengi hufunika juu wakaacha mlango wa pembeni wazi. Wavu huo usafishwe, usije ukazibwa na majani na kurudisha maji kwenye mfuniko. Shimo la migomba nalo lisibaki na maji yanayoonekana zaidi ya siku mbili.

La pili nitalisema wazi ingawa ni la aibu. Wapo walioelekeza maji ya gata kwenye shimo la choo. Shimo likijaa mvua, kinachopanda juu na kuingia mtaani si maji tena. Na wapo wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo, wakidhani mvua inaficha. Watoto wetu wanacheza kwenye maji hayo. Kipindupindu mji huu tunakijua kwa majina ya tuliowazika. Mwenyekiti, hili naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Niliwahi kwenda Lamu, nikaonyeshwa nyumba za zamani zenye birika la maji ndani. Kwenye birika waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakajengea bakuli la kauri, ili siku ya kuosha birika, maji yakitolewa yote, samaki wapate pa kubaki. Niliitazama bakuli ile muda mrefu. Na visiwa vya jirani, Pate, Ndau, Kiwayu, kuna majabia: sakafu pana iliyopigwa lipu, imeinamishwa kuelekea kwenye shimo la kuhifadhia, inakusanya mvua kwa ajili ya kijiji kizima mahali ambapo ukichimba kisima unapata maji ya chumvi. Jabia si la nyumba moja. Watu wa pwani hii walijua zamani sana kwamba maji ya mvua ni jambo la kukaa pamoja na kupanga. Ni sisi wa juzi tuliohamia viwanjani, kila mtu na ukuta wake na tangi lake na kibomba chake kinachomwaga huko nyuma tu.

Nirudi kwa jirani yangu, maana hadithi yake haikuishia kwenye matope.

Nilipomaliza shimo la kwanza na la pili, masika yaliyofuata nilitoka na mwavuli usiku, nikasimama kwenye mpaka kutazama. Mvua ilikuwa kubwa. Tangi lilijaa, shimo la kwanza likajaa, la pili likajaa, na kikabaki kijito kidogo kinaelekea kwenye ukuta mpya. Moyo ukaanza kunienda mbio. Nikaona tochi upande wa pili. Alikuwa yeye, naye ametoka kutazama. Sijui alikuwa ametazama masiku mangapi namna ile bila mimi kujua.

Asubuhi alikuja kwangu, akakaa jikoni, tukanywa chai. Akaniuliza, yale yanayobaki pale mwisho, unayafanyia nini? Nikamwambia, nayaogopa. Akasema, "Nipe mimi. Nina magimbi yangu yanakauka kila Julai. Lakini yaje taratibu." Tukamwita fundi, tukaacha tundu chini ya ukuta, tukaliwekea bomba na mawe pande zote mbili, na upande wake tukachimba shimo lake. Maji yale yale yaliyouangusha ukuta wake sasa yanafika kwake yakitembea. Mwezi wa nane uliopita aliniletea sinia la magimbi na nazi. Kinachobaki kwake kinakwenda kwa jirani wa tatu, mzee wetu pale, naye ameridhia kwa mdomo wake, yuko hapa, mnaweza kumuuliza.

Tumefika nyumba tatu. Kutoka kwa mzee hadi korongoni kuna nyumba tisa, na hapo ndipo tulipokwama. Tisa zote zina matangi, na mabomba yote yanamwaga huko nyuma tu. Nimezunguka nikiyahesabu matangi: saba yana bomba la inchi moja, mawili hayana bomba kabisa, yanafurikia kwenye mfuniko. Wenye nyumba wawili wamekwisha kukubali kutoa nusu mita kwenye mpaka wao ili mtaro upite. Nawashukuru sana, maana viwanja vyetu vinabanana na nusu mita ni kitu kikubwa. Tunahitaji watano wengine. Wajumbe wamesema mawe yapo, yale yaliyobaki kwenye ujenzi wa daraja la mtaani, na Mwenyekiti ameahidi kutuandikia barua tuyachukue. Kina mama wa kikoba tumekubaliana kuchangia saruji ya sehemu ya mwisho, pale mtaro unaposhuka korongoni, maana hapo ndipo mdomo ulipo na hapo ndipo tunapotaka usimame.

Msaragambo ni Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye sururu aje na sururu, mwenye mpira wa pima maji tafadhali asiusahau. Vijana mtakaobeba mawe mtakula kwangu. Tutaanzia nyuma ya nyumba yangu, kwenye bomba langu, tushuke nyumba kwa nyumba hadi korongoni. Na kama mvua itanyesha Ijumaa usiku, naomba kila mwenye tangi atoke na tochi, asimame pale maji yake yanapovuka mpaka, atazame yanaingia kwa nani. Jumamosi atuonyeshe mahali penyewe.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.